Sahani ya Sikukuu na Sahani ya Jumatatu

Kariakoo kuna mtaa uitwao Sikukuu. Hauna umashuhuri wa Msimbazi, Kongo au Uhuru, na wengi huupita bila kulitafakari jina lake. Lakini ikifika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, au siku mbili tatu kabla ya Idi, Kariakoo yote hugeuka kuwa mtaa huo. Mchele hushushwa kwa magunia, madumu ya mafuta hupandishwa kwenye mikokoteni, na wauza viungo hufungasha iliki, karafuu, mdalasini na binzari nyembamba kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia. Jiji zima linajiandaa kula.

Ndani ya umati huo wamo wanaojiandaa kwa hofu. Ni watu ambao wameshauriwa na daktari, au wameamua wenyewe, kupunguza uzito. Kwa miezi kadhaa wamepima sukari kwenye chai, wameacha kula usiku wa manane, wameshuka kituo kimoja kabla ya kile cha nyumbani ili watembee. Sasa sikukuu inakuja, na swali linalowasumbua ni moja: je, siku moja ya pilau itafuta kazi ya miezi sita? Nimeulizwa swali hili na wanafunzi, nimeulizwa na watumishi wa umma ninaokutana nao katika semina, na mimi mwenyewe, ambaye kwa mwaka wa pili sasa ninafuata ushauri wa daktari wa kupunguza uzito, ninalifahamu vizuri. Wapo wanaopanga kukwepa nyumba za ndugu zao. Wapo wanaojinyima chakula siku mbili kabla ili waje kula kwa haki. Wapo wanaokula, kisha wanajiadhibu wiki nzima.

Msomaji aliyezoea kukuta hapa mijadala ya Katiba, bajeti na uchaguzi anaweza kushangaa: suala la nani kaongeza nyama lina uhusiano gani na siasa? Mimi naona lina uhusiano mkubwa. Hoja yangu ni hii: hofu tuliyonayo juu ya chakula cha sikukuu tumeielekeza mahali pasipo pake. Kinachotunenepesha na kutuugua­za ni sahani ya Jumatatu, yaani mlo wa siku za kawaida, kuliko sahani ya Idi au Krismasi. Na sahani ya Jumatatu haiandaliwi na mama jikoni peke yake. Inaandaliwa pia na mipango miji, na sera za kodi, na ratiba za kazi, na utamaduni wa ofisi zetu. Hapo ndipo hofu yetu inapopaswa kuhamia, na ikishahamia, iache kuwa hofu na iwe madai.

Tuanze na hesabu, maana hofu nyingi hupungua zikipigiwa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Mtu mzima wa kawaida hutumia kalori kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku, kutegemea umbo, jinsia na kazi yake. Tuchukue mtu aliyekula sana siku ya sikukuu: sahani mbili za pilau, nyama, kuku, soda na kipande cha keki, hata akazidisha mahitaji yake ya siku kwa kalori 2,000. Huyo ameweka akiba ya takribani robo kilo. Si kilo mbili, wala tatu. Lakini kesho yake akipanda kwenye mizani ataona kilo moja na nusu au mbili zimeongezeka, na moyo utamwanguka. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji na chakula ambacho bado kiko tumboni. Chumvi huufanya mwili ushikilie maji, na wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli nao huhifadhiwa pamoja na maji, takribani gramu tatu kwa kila gramu moja. Akirudi kwenye mlo wake wa kawaida, maji hayo yataondoka ndani ya siku chache bila dawa wala adhabu.

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2000 katika jarida la The New England Journal of Medicine. Waliwafuatilia watu wazima 195 katika kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka, kuanzia Novemba hadi Januari. Kwa wastani, uzito uliongezeka kwa kilo 0.37, yaani chini ya nusu kilo. Walipoulizwa wanadhani wameongezeka kiasi gani, washiriki walitaja wastani unaokaribia mara nne ya ukweli. Hofu yao ilikuwa kubwa kuliko kitambi chao.

Hata hivyo utafiti huohuo una upande wa pili, na asiyeutaja hatendi haki. Kiasi hicho kidogo, kwa wastani, hakikuondoka baada ya sikukuu kupita. Kilibaki, na mwaka uliofuata kina nafasi ya kuongezewa kingine. Somo ninalolipata ni kwamba siku ya karamu haina nguvu tunayodhani inayo. Mwenye nguvu ni mtindo wa maisha tunaourudia karamu ikiisha. Sikukuu huacha kidogo, na siku za kawaida huamua kama kidogo hicho kitaondoka au kitawekwa juu ya kingine.

Nakubali kwamba Dar es Salaam karamu haziji kwa kalenda ya Serikali peke yake. Tuna kitchen party, sendoff, harusi na kamati zake za michango. Tuna ubarikio, kipaimara, Maulidi, hitima na arobaini. Mtu mwenye ukoo mpana na marafiki wengi anaweza kujikuta mbele ya meza ya vyakula kila Jumamosi. Kwa mtu huyo karamu imeshakuwa sahani ya kawaida, na anapaswa kuihesabu hivyo. Mwaliko wa thelathini kwa mwaka hauwezi kuliwa kwa kisingizio cha sikukuu.

Sasa tuje kwenye uzito wa jambo hili kwetu, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa kwa ajili ya jamii nyingine. Huko huambiwa: sema hapana, ni mwili wako. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mtu. Katika nyumba za katikati ya jiji, Kariakoo, Ilala, Gerezani na Upanga, ambako Waislamu na Wakristo wamepakana ukuta kwa ukuta kwa vizazi, sahani iliyofunikwa kwa kawa hutoka nyumba moja kwenda nyingine siku ya Idi, na siku ya Krismasi hurudi ikiwa imejaa. Sahani hizo zimefanya kazi ya kujenga taifa ambayo hotuba nyingi hazijaifanya. Anayemshauri Mtanzania aikatae sahani ya jirani kwa ajili ya mizani hajui anachokivunja.

Isitoshe, wembamba una historia yake nchini. Waliokuwa watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Kwao mwili uliojaa ulikuwa habari njema: nyumba hiyo ina chakula. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kukonda kukawa tangazo la msiba unaokuja. Kwa hiyo shangazi anapokutazama mlangoni siku ya sikukuu na kusema, “Mwanangu, mbona umeisha hivi, unaumwa?” usimchukulie kuwa mchokozi. Anasema kutoka kwenye kumbukumbu ya watu aliowazika. Anayepunguza uzito katika nchi hii anapunguza pia alama ya usalama ambayo wazazi wake walijitahidi kumjengea. Jibu la upole na la wazi linatosha: “Siumwi, shangazi. Daktari ameniambia nipunguze sukari na mafuta, na ninaendelea vizuri.” Nimeona mara nyingi jibu hilo likimgeuza shangazi kuwa mlinzi, yeye ndiye atakayewaambia wengine wasikulazimishe.

Upo pia upande wa madaraka. Kiswahili chetu hakikuficha kitu. Cheo chenye fedha tunakiita ulaji. Aliyeteuliwa tunasema zamu yake ya kula imefika, na aliyeondolewa tunasema ametolewa kwenye mlo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, tunasema, na tunapeana tabasamu. Msomi wa Kifaransa Jean-François Bayart aliandika mwaka 1989 kitabu kizima kuhusu dola la Afrika akitumia taswira ya siasa za tumbo. Mtu wa Kariakoo asingehitaji kufafanuliwa jina hilo. Kwa muda mrefu kitambi kilikuwa kitambulisho cha mkubwa, na aliyeanza kazi Serikalini akabaki mwembamba alionekana hajui kuitumia nafasi yake.

Picha hiyo sasa imepitwa na takwimu. Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 1991–92, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa takribani asilimia 11. Katika utafiti wa aina hiyohiyo wa mwaka 2015–16 walikuwa asilimia 28. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takribani asilimia 9 wana kisukari. Hao si mawaziri na wakurugenzi. Ni mama lishe, dereva wa daladala, mwalimu, karani wa mahakama, mwenye duka la vitenge. Kitambi kimeshuka kutoka kwa wakubwa na kuja kwa umma, lakini hospitali ya kukitibu haijashuka kwa kasi hiyohiyo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Utafiti huo wa 2015–16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Je, si anasa kuzungumzia kula kupita kiasi katika nchi hiyo? Ningekubali kama wanaodumaa na wanaonenepa wangekuwa wakiishi katika nchi mbili. Wanaishi katika nyumba moja. Mtoto anakosa mayai, maziwa, matunda na mboga. Mama anashiba wanga, mafuta na sukari kwa sababu ndivyo vinavyojaza tumbo kwa fedha iliyopo. Wote wawili wana njaa ya chakula bora. Anayelitazama tatizo moja na kulicheka lingine hajayaelewa yote mawili.

Tuitazame basi sahani ya Jumatatu. Mfanyakazi wa ofisi iliyopo katikati ya jiji anaondoka nyumbani Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto kabla ya jua. Hana muda wa kula nyumbani, hivyo anapata chai ya vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili njiani. Anakaa kwenye daladala au anasimama amebanwa kwenye mwendokasi, kisha anakaa ofisini. Saa nne kuna chai nyingine na maandazi au sambusa. Mchana analetewa mlima wa wali wenye maharage kidogo, kipande cha nyama na majani machache ya mchicha, na soda. Jioni anakaa tena kwenye foleni ya magari. Anafika saa tatu usiku akiwa amechoka, na kijiweni kuna chipsi mayai zilizokwisha kuiva. Analala. Kesho anarudia.

Soda moja ya mililita 350 ina gramu zipatazo 37 za sukari, sawa na takribani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke mpaka gramu zipatazo 25. Soda hiyo moja imeshakivuka kiwango hicho cha pili kabla hujaihesabu chai ya asubuhi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori takribani 120, na chipsi mayai hazipikwi kwa kijiko kimoja. Ukizidisha mahitaji yako kwa kalori 200 tu kila siku ya kazi, ambazo ni soda moja na andazi dogo, basi kwa wiki tano umezidi kwa kalori 5,000. Umekula ziada ya sikukuu mbili na nusu bila kusherehekea chochote.

Jina lenyewe la Kariakoo linatufundisha kitu hapa. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wale walitembea mamia ya maili na mizigo kichwani, na wengi hawakurudi. Leo bado wapo wabeba mizigo Kariakoo, na kwao mlima wa wali ni mafuta ya injini; hakuna wa kuwafundisha kalori. Lakini wengi wetu tumeurithi mlima huo wa wali bila kuirithi kazi yake. Tunakula kama wapagazi na kukaa kama makarani.

Kusema hivi si kumlaumu karani. Mwambie atembee, naye atakuuliza atembee wapi. Njia za waenda kwa miguu katikati ya jiji zimejaa bidhaa, magari yaliyoegeshwa na bodaboda. Machinga aliyepanga bidhaa zake hapo anatafuta riziki, na mji ulipaswa kumpangia mahali pake na kumpangia mtembea kwa miguu pake. Viwanja vya wazi navyo vinazidi kupungua. Mnazi Mmoja, ambayo leo ni mojawapo ya nafasi chache za kupumulia kati ya Kariakoo na mjini, iliachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga Waafrika na maeneo ya Wazungu na Wahindi. Ni fedheha kwetu kwamba ukanda ulioachwa kwa ubaguzi umebaki kuwa miongoni mwa viwanja bora tulivyonavyo, huku sisi wenyewe tukiwa tumeongeza vichache mno.

Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya mazoezi kwa wote. Lilikuwa jambo jema, na naliunga mkono. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni siku 12 kwa mwaka. Kanuni ni ileile: siku moja ya karamu haimwangamizi mtu, na siku moja ya mazoezi haimwokoi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hizo hupatikana kwa kutembea kwenda na kurudi kazini, ikiwa njia ya kutembea ipo.

Tusidhani nchi hii haijawahi kufanya makubwa. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kujifunza kwa redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka huohuo ikaanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni zile ilikuwa kuliona tumbo la mwananchi kuwa jambo la umma, la kujadiliwa na umma. Leo tumelirudisha kuwa jambo la aibu ya mtu mmoja mbele ya mizani yake, na pengo hilo limezibwa na biashara. Kila Januari matangazo ya chai za kukata tumbo na vidonge vya kupunguza uzito huongezeka madukani na mitandaoni. Hofu ya Desemba ndiyo mtaji wa wauzaji wa Januari.

Yapo mambo ambayo Serikali inaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za wafadhili. Waraka mmoja unatosha kuagiza kwamba katika mikutano na semina za ofisi za umma kutakuwa na maji, matunda na karanga badala ya soda na vitafunwa vya kukaangwa. Tumeshaona kwamba mlo wa Serikali unaweza kubadilishwa kwa agizo: Novemba 2015, Rais John Magufuli aliagiza sehemu kubwa ya fedha zilizokusanywa kwa ajili ya hafla ya kuzindua Bunge ikanunue vitanda vya hospitali ya Muhimbili. Afrika Kusini tangu mwaka 2018 inatoza kodi ya vinywaji kulingana na kiasi cha sukari kilichomo, jambo linalomshawishi mtengenezaji mwenyewe kuipunguza. Vyuo vikuu, cha kwangu kikiwamo, vinaweza kuweka katika masharti ya zabuni za mikahawa kwamba mboga na matunda viwepo kila mlo kwa bei ambayo mwanafunzi wa mkopo ataimudu. Na halmashauri za jiji zinaweza kuacha kuihesabu njia ya waenda kwa miguu kuwa mapambo ya barabara.

Hayo ni ya mwaka mzima. Kwa aliye na sikukuu wiki ijayo, naomba niseme machache ya kumsaidia mezani.

Usijinyime kabla. Mwenye kufika kwenye pilau akiwa na njaa ya siku mbili hali kwa haki, anakula kwa kulipiza kisasi. Pata kifungua kinywa chako kama kawaida, yai na matunda vikiwemo. Ukifika mezani, chagua kile ambacho huonekana mara chache: biriani ya mama mdogo, ndafu ya nyumbani Moshi, kaimati za bibi. Soda unaijua, ipo kila siku, na siku hiyo inaweza kukaa pembeni. Kachumbari na mboga vichukue nafasi kubwa ya sahani, pilau ifuate. Kula polepole, zungumza na watu, na uache dakika kama ishirini zipite kabla ya kuamua kama unahitaji sahani ya pili, kwani tumbo huchelewa kutoa taarifa. Wakikusisitiza uongeze, tumia desturi yetu wenyewe: omba ufungiwe ukale kesho. Mwenyeji ataridhika, nawe utakuwa hujaikataa heshima yake. Kisha rudisheni ile tabia ya zamani ya kutembeleana sikukuu kwa miguu, nyumba hadi nyumba, pamoja na watoto.

Usipande mizani kesho yake. Subiri wiki moja. Na mlo unaofuata baada ya karamu uwe mlo wako wa kawaida, bila kufunga kwa adhabu na bila kusema kwa kuwa nimeshaharibu, basi niendelee. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili ya sherehe, na azungumze na daktari wake mapema kuhusu siku hiyo. Na yule ambaye hofu ya chakula imemfikisha pa kujitapisha, kujificha au kushinda siku nyingi bila kula, ajue kwamba hiyo ni hali inayotibika, na amwone mtaalamu wa afya. Hilo halina aibu.

Kwa wenyeji wa karamu nina ombi pia. Wekeni maji safi mezani pamoja na soda. Kumbukeni wanaosimama jikoni tangu alfajiri, ambao karibu wote ni wanawake. Wengi wao nao wanapunguza uzito, lakini wanaonja kila sufuria na hawapati muda wa kukaa na kula sahani moja kwa utulivu. Wanaume na vijana wakishika zamu jikoni, hao nao watakula kama watu. Tena tuache kuufanya mwili wa mgeni kuwa mada ya baraza. “Umenenepa” na “umekonda” ni maneno tunayoyatoa kama salamu, lakini aliyeambiwa huondoka nayo. Mwulize habari za kazi, za masomo, za watoto. Mwambie umefurahi kumwona.

Sikukuu ni siku ambayo masikini wa Kariakoo anakula nyama bila kuhesabu, na jirani wa dini nyingine anabisha hodi na sahani. Sitaki hofu ya kilo iiharibu siku hiyo. Wiki inayofuata, wengine watakaporudi kazini wakijilaumu kwa sahani ya pili, wewe mwulize afisa utumishi wako kwa nini chai ya saa nne haina tunda hata moja, na mwulize diwani wako njia ya kutembea kutoka kituoni hadi ofisini itajengwa lini.